Kwa Wino

Mimi ni mhasibu wa muda, siku mbili kwa juma,
Jumanne na Ijumaa, hapa Coimbatore,
dirisha langu likitazama karakana ya pampu.
Kampuni ya Thenmozhi ina vyumba viwili, feni moja,
na deni nililoliandika kwa penseli
kana kwamba wino ungeliamsha.

Tunauza sikio.
Kisanduku mfano wa kibiriti
hubandikwa ubavuni mwa mtambo wa kufuma,
kikasikiliza beringi usiku kucha,
na kabla haijasagika, simu ya tajiri ikalia.
Ndivyo tulivyowaambia watu.
Ukweli ni kwamba kilipigia kelele mvua,
kikapigia kelele paka,
na beringi ilipovunjika kweli kule Somanur
kilinyamaza kama shahidi aliyehongwa.

Alikwenda Bangalore mara nne kutafuta mtaji.
Tiketi za treni ninazo, nimezibana kwa pini.
Mara ya kwanza walimuuliza soko lina ukubwa gani.
Mara ya pili, nani hasa aliyeandika programu.
"Mimi," akasema. Wakacheka kwa adabu,
wakamgeukia Prabhakaran, aliyekuja kumbebea vifaa.
Mara ya tatu bwana mmoja mwenye saa nzito
alitaka kujua ataolewa lini,
maana fedha, alisema, haipendi likizo ya uzazi.
Mara ya nne hawakuuliza kitu.
Mwaka huo kila mtu alitaka akili mnemba ya kuandika barua;
mitambo ya nguo, walisema, ni habari za babu.

Prabhakaran naye akaondoka.
Kampuni kubwa ilimpa mshahara mara tatu.
Simlaumu: ule wa kwetu nilikuwa nikiuandika mimi.
Na seva tunailipia kwa dola;
rupia ikikohoa, sisi tunalazwa.

Ndipo Ponnuthayi.
Mfumaji, miaka ishirini na sita mitamboni,
vidole vina nyuzi za pamba hata baada ya kunawa.
Alisimama kati ya mitambo arobaini inayonguruma,
akanyoosha mkono: "Ule. Wa nne kutoka mlangoni. Kesho kutwa."
Tukadhani anatania.
Kesho kutwa, saa nne asubuhi, ukasimama.

Miezi minne alikaa nasi,
vipokea sauti vimemfunika masikio,
akivipa vilio majina:
huyu anakwaruza, huyu ana kiu ya mafuta,
huyu mzima ila kafungwa vibaya,
huyu mwacheni, analia tu, kama mtoto aliyeshiba.
Rekodi elfu sita, mia mbili na kumi na nne.
Kisanduku kikaanza kusikia.
Karakana kumi na moja zikalipa.

Ijumaa moja aliingia bila kuvua ndara.
"Sitaki nyongeza ya mshahara. Nataka hisa."
Feni ikazunguka.
Thenmozhi aliitazama meza, kisha akauliza,
na mimi nilijua sauti ile ilikotoka,
Bangalore, ghorofa ya tisa:
"Lakini, dada, wewe hasa umeandika nini?"

Ponnuthayi hakujibu. Alisikiliza,
kichwa kimeinama kidogo upande,
kama asikilizavyo beringi.

Thenmozhi alitoka, akasimama ngazini muda mrefu.
Aliporudi uso ulikuwa umeoshwa.
"Asilimia ngapi?"
"Tisa."
"Sita."
"Tisa. Na jina liwe langu, si la mume wangu."

Niliandika tisa. Kwa wino.

Deni bado lipo.
Yule mwenye saa nzito ametuma ujumbe:
sasa anaipenda mitambo ya nguo.
Hatujamjibu. Tuna oda ya visanduku sabini
na betri zimekwama bandarini Chennai.
Leo ni Jumanne. Ng'ambo ya dirisha
kuna mashine inakwaruza.
Nimeisikia. Au nadhani nimeisikia.
Nimemwita Ponnuthayi.